Bei mbili za Japani: ugomvi hauko kwa mgeni, uko Tokyo

Tarehe 1 Machi 2026 vitu viwili vilitokea Japani siku moja na watu wakavisoma kama kitu kimoja. Ngome ya Himeji, ile nyeupe ambayo ukitafuta picha za Japani mtandaoni lazima itokee, ilipandisha kiingilio kutoka yeni 1,000 mpaka 2,500 kwa wanaotoka nje ya mji, wenyeji wakabaki na elfu yao moja. Kyoto nayo ikapandisha kodi ya malazi, kiwango cha juu kikawa yeni 10,000 kwa kichwa kwa usiku. Ongezea na kodi ya kuondoka nchini, ile inayofichwa ndani ya tiketi ya ndege, ambayo imepangwa kutoka yeni 1,000 kwenda 3,000 Julai 2026, basi mitandaoni kila mtu akawa na jibu: Wajapani wamechoka na wageni, wanatufukuza kwa bei. Nimeiona hiyo kwa Kiingereza, nimeiona kwa Kiswahili kwenye magrupu ya watu wanaopanga safari, wengine wanashauriana bora waende Thailand yaishe. Mimi naona wamegonga mlango ambao sio. Kinachoendelea Japani ni ugomvi wa miji na serikali kuu yake, kuhusu nani anakula faida ya utalii na nani anabaki na fagio, na mgeni amejikuta katikati kwa sababu yeye ndo anaonekana. Chuki ipo, sitaificha na nitaifikia, ila sio yenyewe iliyopanga hizi bei, na ukizisoma kwa jicho la chuki hutaelewa hata kwa nini zimepangwa hivyo zilivyo.

Chukua Himeji. Juni 2024 meya wa mji alitoa wazo kwamba mgeni wa kigeni alipe kama dola 30 na mwenyeji kama dola 5, na kwa kweli hapo kelele zilikuwa na haki yake, maana mstari ulichorwa kati ya Mjapani na asiye Mjapani. Ila wazo hilo halikufika getini. Kilichofika ni hiki: ukiwa mkazi wa mji wa Himeji na una kitambulisho unalipa 1,000, wengine wote 2,500, walio chini ya miaka 18 bure watoke popote. Yaani mfanyakazi wa benki wa Tokyo aliyekuja na shinkansen, treni ya mwendokasi, wikendi na mke wake, Wajapani wa damu hadi babu wa babu, wanalipa bei ile ile anayolipa Mmarekani. Mtu wa Kobe, ambayo ni treni ya chini ya saa moja tu, naye 2,500. Na kijana wa Kitanzania anayesoma pale na amejiandikisha ofisi ya mji, anaonyesha kadi yake anaingia kwa elfu moja. Himeji ni mji ambao toka 1979 ulikuwa na kituo cha kupokea wakimbizi wa Vietnam, na Wakorea waliozaliwa mkoa huo wako vizazi kadhaa, kwa hiyo kusema "mgeni ni yule sura yake sio yetu" kungewageuza hata majirani wao wenyewe kuwa watalii. Mstari ukahama kutoka kwenye pasipoti ukaenda kwenye anuani. Kwangu hilo ndo jambo kubwa kwenye habari yote na ndo lililoachwa nje ya vichwa vya habari.

Kyoto ni hivyo hivyo, ila huku namba ndo zilizowapoteza watu. Ile yeni 10,000 inamhusu anayelala kwenye chumba cha yeni 100,000 na zaidi kwa mtu kwa usiku, na mtu wa aina hiyo, jamani, hatumuonei huruma. Chumba cha chini ya 6,000 kodi yake imebaki 200 kama zamani, kuanzia 6,000 hadi chini ya 20,000 ni 400, kuanzia hapo hadi chini ya 50,000 ni 1,000, halafu inaruka 4,000, halafu ndo hiyo elfu kumi. Wasafiri wengi wa kawaida wanaolala kwenye hoteli ndogo karibu na stesheni wameongezewa yeni mia mbili, bei ya chai ya chupa kwenye mashine ya barabarani. Na Mjapani wa Nagoya aliyekuja kuangalia majani ya vuli analipa sawa sawa na wewe, hakuna anayeuliza pasipoti kwenye kodi hii. Sasa kama lengo lingekuwa kupunguza watu, mbona wamewaacha wale wa bei rahisi ambao ndo wengi? Kwa sababu lengo ni hela. Mji unategemea kukusanya karibu yeni bilioni 12.6 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa, na mji huu unazihitaji vibaya, maana mwaka 2021 meya wa wakati huo alisema wazi kwamba Kyoto inaweza kufilisika ndani ya miaka kumi, na sababu kubwa mojawapo ni madeni ya kuchimba treni ya chini ya ardhi.

Na huu ugomvi wa nani alipie utalii Kyoto ni wa zamani kuliko hawa watalii wenyewe. Mwaka 1985 mji ulianzisha kodi ndogo, yeni 50 kwa mtu mzima, kila anayeingia kwenye mahekalu makubwa, wakisema ni ya kutunza mji wa kale. Mahekalu yakakataa, yakasema kuingia hekaluni ni ibada na ibada haitozwi kodi, na yakafunga milango, Kiyomizu-dera na Kinkaku-ji zikiwemo, watu wanafika na mabasi wanakuta geti limefungwa. Mwaka 1988 mji ukaifuta. Wageni wa kigeni wakati huo walikuwa wachache mno, umati wenyewe ulikuwa Wajapani, wanafunzi wa safari za shule na wazee wa vikundi, na bado walikabana koo mpaka mji ukashindwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kodi ya 2026 imezaliwa na kuchukia sura za kigeni, namuuliza ile ya 1985 ilizaliwa na nini.

Kilichobadilika ni wingi, na wingi haukuja wenyewe. Mwaka 2003 serikali ya waziri mkuu Koizumi ilianzisha kampeni ya kuita watalii, mwaka huo nchi nzima ilipata wageni milioni 5.2 tu. Wakalegeza viza kwa nchi za Asia, ndege za bei rahisi zikaongezeka, 2013 wakavuka milioni 10, na 2016 serikali ya Abe ikaweka shabaha mpya, milioni 40 ifikapo 2020 na milioni 60 ifikapo 2030. Korona ikakata, ila 2019 walishafika karibu milioni 32, 2024 wakafika karibu milioni 37, 2025 wakavuka 42. Na yeni ikaanguka. Mwaka 2012 dola moja ilikuwa yeni kama 80, katikati ya 2024 ikapita 160, yaani chakula kile kile, kitanda kile kile, kwa mtu mwenye dola vikawa nusu bei bila hoteli kufanya chochote. Japani ambayo wazee wetu waliisikia kuwa ni nchi ya bei za kutisha ikawa sehemu ya kwenda kula wagyu, nyama yao ya ng'ombe ya kifahari, kwa bei ya nyama choma ya Ulaya. Sasa hii shabaha ya milioni 60 iliandikwa Tokyo, sera ya yeni inatoka Tokyo, viza zinatoka Tokyo, lakini basi la Kyoto haliendeshwi na Tokyo. Ni kama mtu anayegawa kadi za harusi mtaa mzima halafu pilau anapika jirani.

Hili la basi inabidi nilikalie kidogo maana ndipo mambo yote yanapoonekana kwa macho. Kyoto ina watu karibu milioni 1.4 na treni za chini ya ardhi mistari miwili tu, na mistari hiyo haiendi moja kwa moja kwenye sehemu nyingi ambazo watalii wanazitaka, kwa hiyo Gion (mtaa wa geisha, wasanii wa kike wa jadi), Kiyomizu, Kinkaku-ji, kote watu wanapelekwa na basi la mji, lile lile linalompeleka mzee hospitali. Basi la Kyoto unapandia mlango wa nyuma, unashukia wa mbele, nauli yeni 230 unadondosha kwenye kisanduku pembeni ya dereva wakati wa kushuka, na kisanduku hakirudishi chenji. Kama una noti ya elfu moja inabidi uichenji kwanza kwenye mashine hapo hapo kwa dereva. Mwenyeji anajua, sarafu anazo mkononi vituo viwili kabla, au anagusisha kadi anapita. Sasa weka watu arobaini wenye masanduku makubwa ya ndege, kila mmoja anafika mbele ndo anaanza kutafuta sarafu, anageuza geuza hela hajui ipi ni ya 50 ipi ni ya 5, nyuma watu wamebanana. Nilikaa siti ya nyuma nikamuangalia bibi mmoja na kifuko chake cha soko, vitunguu majani vimetokeza, amebonyeza kengele ya kushuka mapema kabisa na bado alipitishwa kituo chake kwa sababu hakuweza kupenya kwenye masanduku, na muda wote alikuwa anaomba samahani yeye. Hakuna mtu kwenye basi lile aliyekuwa mbaya. Wale wageni walikuwa wameambiwa na simu zao wapande basi hilo, na simu ilikuwa sahihi.

Dawa ya basi ikoje? Mji uliacha kuuza ile tiketi ya basi ya siku nzima mwaka 2023, maana ilikuwa inawavuta watalii wote kwenye basi, ukaleta mabasi maalum ya utalii Juni 2024, ya haraka, yeni 500, wikendi na sikukuu. Vizuri, ila mabasi yanataka madereva na madereva hakuna, nchi inazeeka, na kuanzia Aprili 2024 sheria ya kazi imeweka kikomo cha saa za ziada kwa madereva, 960 kwa mwaka, sheria nzuri kabisa kwa afya za watu ila imepunguza saa za usukani wakati abiria wanaongezeka. Ukitaka dereva mpya inabidi umlipe vizuri na fedha hiyo itoke mahali. Hapo ndo unaielewa kodi ya malazi kuliko kwenye makala kumi za "Japani yafunga milango".

Kuna kitu cha utamaduni hapa ambacho msafiri anakigusa bila kujua, na ni kwamba sehemu kubwa ya usafi na utulivu anaousifia kwenye posti zake haufanywi na serikali. Unafanywa na mtaa. Karibu kila mtaa una chama chake, watu wanapokezana zamu ya kusimamia sehemu ya kutupia taka, kuna siku ya taka za kuungua na siku ya chupa na siku ya makaratasi, kuna ubao wa matangazo unaozunguka nyumba kwa nyumba, ukimaliza kusoma unaweka alama yako unampelekea jirani. Mapipa ya barabarani mengi yaliondolewa baada ya shambulio la gesi ya sarini kwenye treni za Tokyo mwaka 1995, na nchi haikuchafuka kwa sababu watu walianza kubeba taka zao kwenda nazo nyumbani. Mgeni hana nyumbani kwa kubebea, ana hoteli iliyo mbali na kikombe cha kahawa kilicho tupu mkononi, anakitega juu ya ukuta wa mtu taratibu kabisa, na asubuhi anayekiondoa ni mzee wa zamu. Hakuna faini iliyotozwa wala hakuna polisi, ni kazi tu imeongezeka kwa mtu ambaye halipwi.

Gion ndo mfano ulioeleweka vibaya kuliko yote. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba vichochoro vya Gion vimefungwa kwa watalii na faini ni yeni 10,000, dunia nzima ikaandika "Kyoto yapiga marufuku watalii mtaa wa geisha". Barabara kuu ya Hanamikoji iko wazi mpaka leo, ni ya umma, tembea uchoke. Vilivyofungwa ni vichochoro vya watu binafsi, ardhi yenye wenyewe, na tangazo liliwekwa na baraza la wakazi na wafanyabiashara wa mtaa baada ya miaka ya kuomba kwa upole, toka 2019 vilikuwepo vibao vya kukataza picha humo. Waliofika hapo ni watu waliochoka kuona maiko, yaani geisha mwanafunzi, wa miaka kumi na saba anakimbizwa na simu kumi akiwa anaenda kazini, wengine wanamshika kimono. Ukifikiria kidogo, mtu kufunga uchochoro wake ni habari ya kawaida duniani, ajabu ni kwamba waliuacha wazi miaka yote hiyo.

Halafu ile ya Lawson. Mji wa Fujikawaguchiko, Mei 2024, waliweka wavu mweusi wa mita 20 kwa mita 2.5 ng'ambo ya duka la Lawson ambapo mlima Fuji unaonekana kama umekaa juu ya paa la duka. Watu walikuwa wanavuka barabara bila kuangalia, wanaegesha magari kwenye kliniki ya meno ya jirani, wanapanda mpaka juu kupata pembe nzuri. Wavu ukatobolewa matundu ndani ya siku chache, saizi ya kamera kabisa, na Agosti ukashushwa kwa sababu ya kimbunga na haukurudishwa. Watu wakacheka. Mimi naona ule wavu ulionyesha mji mdogo ulivyo mtupu mikononi: hauna uwezo wa kupunguza viza, hauna uwezo wa kupandisha yeni, ulichokuwa nacho ni kitambaa na nguzo. Jirani yao Fujiyoshida, Februari 2026, walitangaza kufuta kabisa tamasha lao la sakura, yale maua ya mcheri, baada ya wakazi kulalamika kwamba watalii wanafikia hadi kufungua milango ya nyumba za watu kutafuta choo.

Sasa hoja za upande wa pili. Iliyo dhaifu kuliko zote ni hii ya kwamba bei mbili zenyewe ni ubaguzi, na inashangaza zaidi ikitoka kwetu. Mtanzania anaingia Serengeti kwa shilingi elfu kumi, mgeni kutoka nje analipa dola 60 au 70 kutegemea msimu kabla hata ya VAT. Maasai Mara mgeni analipa dola 100 kwa siku nusu ya kwanza ya mwaka na 200 kuanzia Julai, Mkenya halipi hiyo. Taj Mahal Mhindi rupia 50, mgeni 1,100. Na Fuji wenyewe, ambao kuanzia 2025 unalipiwa yeni 4,000, sio hata dola 30, Mjapani na mgeni sawa, ukimwambia mpagazi wa Kilimanjaro kwamba dunia inalalamikia bei hiyo atadhani unamtania. Ukiacha unafiki, mantiki ya bei ya mkazi inaeleweka: yeye analipa kodi ya mji mwaka mzima, ukarabati wa ngome alishauchangia kabla hujazaliwa, na pia yeye ndo anayebeba foleni.

Ila kuna toleo la hoja hiyo lenye nguvu na silipuuzi. Mkazi anatambuliwaje? Getini Himeji ni kitambulisho, safi. Kwenye biashara binafsi sio hivyo. Kuna mgahawa wa bufee kule Shibuya ulijulikana 2024 kwa kumpunguzia mkazi yeni elfu moja, na ukiuliza mkazi unamjuaje, unarudi kwenye lugha na sura. Hapo dada wa Kikenya aliyekaa Osaka miaka, anayelipa bima na kodi zote, anajikuta anatoa kadi ya ukazi mbele ya foleni wakati Mjapani nyuma yake hatoi kitu. Wageni wakazi Japani ni kama milioni nne, na sheria inawataka watembee na kadi hiyo muda wote. Wakiachwa wenye migahawa wachore mstari kila mtu kivyake, utachorwa usoni. Ndo maana mimi nataka bei hizi zibaki mikononi mwa miji, kwa masharti yaliyoandikwa, kila anayetaka bei ya mkazi aonyeshe kitu, Mjapani naye aonyeshe.

Na chuki ya siasa ipo kweli. Julai 2025 chama cha Sanseito kiliingia uchaguzi wa baraza la juu na kauli ya Wajapani kwanza, kikapata viti 14. Septemba, Takaichi Sanae akigombea uongozi wa chama tawala alihutubia kwamba kuna wageni wanaopiga mateke kulungu wa mji wa Nara, jambo ambalo waandishi walipolifuatilia ushahidi ukawa mwembamba, na Oktoba akawa waziri mkuu. Kwetu hili liligusa moja kwa moja: Agosti 2025 kwenye mkutano wa TICAD, ule wa Japani na Afrika, Yokohama, shirika la misaada la Japani, JICA, liliutaja mji wa Nagai, mkoa wa Yamagata, kuwa mji rafiki wa Tanzania, na miji mingine mitatu kwa Nigeria, Ghana na Msumbiji. Ilikuwa habari ya kubadilishana wanamichezo na vijana, Nagai ilishakuwa mwenyeji wa Tanzania kwenye maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo. Uvumi ukaenea kwamba miji imetolewa kwa Waafrika wahamie, na tuseme ukweli baadhi ya vyombo vya huku na taarifa moja ya serikali ya Nigeria vilichochea kwa kuandika mambo ya viza ambayo hayakuwepo. Simu zikamiminika ofisi za miji hiyo na Septemba JICA ikafuta mpango mzima. Hiyo ndo chuki, iangalie ilivyo: ilielekezwa kwa wahamiaji ambao hawakuwepo, kwenye mji ambao hauna foleni ya watalii. Bei za Kyoto na Himeji zinahusu watu waliopo kweli na basi lililojaa kweli. Mwanasiasa anayechanganya hivi viwili ana faida yake, maana lawama ikikaa kwa mgeni anayepiga kulungu mateke, hakuna atakayeuliza nani aliandika milioni 60.

Hoja nzito kuliko zote ni ya hela. Watalii walitumia zaidi ya yeni trilioni 8 mwaka 2024, ni fedha za kigeni zinazoshindana na bidhaa kubwa wanazouza nje, baada ya magari tu. Nchi inapoteza watu, nyumba tupu zimefika milioni 9, vijiji vinafunga shule, unamwambiaje mtu akatae fedha hiyo. Na mwisho wa 2025, China ilipowashauri watu wake wasiende kwa sababu ya maneno ya Takaichi kuhusu Taiwan, wageni wa China walipungua sana na wenye hoteli Kyoto wakashusha bei haraka, kumbe walimtegemea huyo huyo. Jibu la Tokyo kwa haya siku zote ni kutawanya watalii, waende mikoani. Inasikika vizuri. Ila Yamagata hiyo hiyo kuna Ginzan Onsen, kijiji cha maji moto cha nyumba za mbao pembeni ya mto mdogo, na majira ya baridi ya 2024 kuingia 2025 walianza kuwazuia wasiolala pale kuingia usiku bila tiketi, saa mbili usiku nje wote. Ukimtawanya mtu na simu yake unatawanya na foleni, maana anakwenda palipopigwa picha, na bonde la pili pembeni linabaki na nyumba zake tupu. Kutawanya bila kupeleka basi, choo na mshahara wa mtu wa kuvisimamia ni kuhamisha ugomvi tu kwa mji ambao una watu wachache zaidi wa kuubeba.

Kwa hiyo cha kufuatilia mwaka huu ni hesabu za kodi. Ya malazi inabaki Kyoto. Ya kuondoka inaenda hazina kuu, na piga hesabu mwenyewe, wageni milioni 42 mara yeni 3,000 unapata zaidi ya yeni bilioni 120, mara kumi ya kile Kyoto inachokusanya, na hapo hujawaweka Wajapani wanaosafiri ambao nao wanailipa. Toka ianze 2019 sehemu ya fedha hiyo imekuwa ikienda kwenye mageti ya kutambua sura viwanja vya ndege na kwenye matangazo ya kuita wageni wengine. Ikiendelea hivyo, miji itatafuta vyake yenyewe, na Kyoto imeshaanza, ina mpango wa nauli ya basi 2027 ambapo mkazi atalipa 200 na wengine 350 mpaka 400. Kwa wasomaji wa Zanzibar, ambako mgeni toka Oktoba 2024 analipa dola 44 za bima akiingia na mafanikio bado tunayatangaza kwa idadi ya vichwa, swali la hiyo hela inafika shehia gani ni lile lile. Na kama wewe una safari ya Japani na pasipoti ya Tanzania au Kenya, hizi yeni mia nne za Kyoto hazitakuumiza, kitakachokuumiza ni ile foleni ya viza ubalozini, ambayo ilikuwepo kabla ya Sanseito na haijaguswa na mtu yeyote kwenye mjadala huu.